Anayetetemeka Hana Tiketi

Mkaguzi alistaafu miaka sita iliyopita, ila macho yake hayakupewa barua. Bado yalikuwa kazini. Yalimkagua muuza maziwa mlangoni, yakamkagua fundi wa bomba aliyesema amebadilisha mpira kumbe ameugeuza tu, yakamkagua mpaka mkewe alipotoka sokoni na kapu jepesi kuliko maelezo yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alipita ndani ya mabehewa na koleo la kutobolea tiketi mkononi, na katika miaka hiyo alijiundia kanuni moja aliyoiamini kuliko kitabu cha shirika: anayetetemeka hana tiketi. Mwenye tiketi huitoa huku anatazama nje ya dirisha. Asiye nayo hujipekua mifuko yote minne, vidole vinacheza, na kabla hajafika mfuko wa tatu Mkaguzi alishajua safari yake inaishia stesheni gani. Kwa wenye haki zao alikuwa na neno moja tu, "Imeonwa," koleo linalia, anasonga mbele. Kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha, ila mara moja, na hiyo mara moja hakupenda kuizungumzia.

Sasa macho hayo yalikuwa yametua kwa shemeji yake.

Shemeji huyo kila mtu alimwita Dereva, kwa kuwa udereva wa treni ndio uliomzeesha: vichwa vya makaa kwanza, vya dizeli baadaye. Alimwoa dada yake Mkaguzi, mwanamke aliyekuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Dada alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya msiba wanaume hao wawili walikaa wiki kadhaa wakitazamana kama abiria walioachwa na treni moja, mpaka siku Dereva alipomkuta Mkaguzi akigundisha kibehewa cha mbao kwenye meza ya jikoni.

"Hilo paa safi mno," Dereva akasema. "Nani aliwahi kuona paa la treni safi?"

Kazi ikaanzia hapo. Chumba cha nyuma, walimokuwa wakilala watoto kabla hawajaenda kwao, kikajaa meza kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya meza stesheni, daraja, tangi la maji na vichaka vya sifongo iliyopakwa kijani. Mkaguzi alikata, akagundisha, akalaza reli, akaandika namba za mabehewa kwa brashi ya nywele tatu. Kazi ya Dereva ilikuwa moja, nao wenyewe waliiita kuchafua. Treni ndogo ikishapakwa rangi hung'aa kama peremende, na treni inayong'aa ni ya uongo. Lazima ichafuliwe, masizi juu ya paa, kutu kwenye viungo, vumbi chini ya milango. Dereva alijua masizi yanatua wapi kwa sababu alikuwa ameyameza miaka kumi na moja. Mkewe Mkaguzi alipopita mlangoni na ndoo alikuwa akisema, "Wengine tunanunua sabuni, wengine wananunua uchafu wa kopo, na nyumba ni moja."

Uchafu huo uliwekwa kwa kipulizio, kalamu ya chuma inayosukuma rangi kwa hewa, nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Kalamu iliungwa kwa mpira mrefu na kompresa iliyokaa chini ya meza. Kompresa waliipa jina la Punda, maana ilikuwa ikipiga kelele bila sababu na ikishaanza haikutaka kuacha.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu kukamilisha meza yote. Kichwa namba ishirini na saba, kichwa cha makaa alichokuwa akikiendesha Dereva mwaka aliooa. Mkaguzi alikuwa amekiunda kwa bati na shaba mwaka mzima, ribiti kwa ribiti, vile vimsumari vya kuungia bati, na dada yake alikuwa moyoni mwake kila alipokishika. Sasa kilikuwa kimekaa wiki nane na rangi yake ya kwanza ya kijivu, kikingoja kuchafuliwa. Dereva hakukigusa. Wiki hii mafua, wiki ijayo mgeni, wiki ya tatu "mwanga wa leo si mzuri."

Halafu Jumatatu moja Dereva akasema, "Shemeji, tumstaafishe Punda."

"Punda kakukosea nini?"

"Tununue hivi vya siku hizi, vya betri. Havina mpira, havina waya. Vya kubebeka."

Mkaguzi akaacha kusugua ubao aliokuwa ameushika. "Kibebwe kwenda wapi?"

"Popote."

"Popote ndiyo wapi? Treni iko hapa."

"Nasema tu," Dereva akajibu, akajishughulisha na kifungo cha koti lake.

Neno hilo, kubebeka, likamkaa Mkaguzi kooni kama mwiba wa samaki. Mtu hawi na haja ya kitu cha kubebeka kama hana pa kukibeba kwenda. Dalili ya mvua ni mawingu, na Mkaguzi akaanza kuyahesabu mawingu. Wingu la kwanza lilikuwa chai. Dereva, mnywaji wa vikombe viwili na cha kuaga, siku hizi alikuwa akisema ameshakunywa kwake. La pili, mkono. Mkono wa kulia haukutoka mfukoni mwa koti, hata kwenye salamu. Alikuwa akimpiga shemeji yake bega kwa mkono wa kushoto na kupita kama mtu mwenye haraka. La tatu, alikuwa amechukua behewa la mafuta akalifunga kwenye gazeti, eti akalimalizie nyumbani, na lilirudi likiwa na madoa yaliyofunikwa kwa rangi juu ya rangi. Dereva hakuwahi kuweka doa asilolikusudia. Kwa nini kazi yake ya hapa ianze kulipuliwa? Mkaguzi alijua jibu la swali hilo tangu enzi za kazi: mtu huanza kulipua anapokuwa na kazi nyingine mahali pengine.

Na wingu la nne ndilo lililobeba mvua yenyewe. Pale kwenye kona alikuwapo Kinyozi, mwenye kiti kimoja, vioo viwili na mdomo wa watu watano. Nyuma ya saluni yake alikuwa na treni yake mwenyewe, na mara nyingi alikuwa amemwambia Mkaguzi kwa kicheko, "Siku moja nitakuibia shemeji yako." Sasa Mkaguzi alimwona Dereva kwa macho yake akiingia humo Jumanne, akamwona tena Ijumaa, na wiki iliyofuata vilevile. Alikuwa akikaa nusu saa na kutoka akijifuta uso, kidevu kinang'aa, ananukia kama bwana harusi.

"Kichwani mwake nywele zinahesabika," Mkaguzi akamwambia mkewe. "Anakwenda kwa kinyozi mara mbili kwa wiki kufanya nini?"

"Labda anataka kuoa. Si dhambi."

"Anataka kuhama."

"Kwani huwezi kumuuliza? Una mdomo."

"Mtu wa namna hiyo haulizwi, mama watoto. Anakaguliwa."

Mkewe akabeba ndoo yake. "Akili ni nywele," akasema, "kila mtu ana zake. Naona wewe ndiye wa kwenda kwa kinyozi."

Lililomuuma Mkaguzi hakumwambia mkewe, na hata yeye mwenyewe alilizunguka kwa mbali. Aliogopa. Dereva akiondoka, chumba kile kitakuwa stoo, kichwa namba ishirini na saba kitabaki kijivu mpaka kutu ya kweli ikichukue, na kamba ya mwisho iliyomfunga na dada yake itakuwa imekatwa, tena na mtu aliyekalishwa kwenye meza yake na kuitwa ndugu.

Basi akasema kwa sauti ya upole, ile aliyokuwa akiitumia kwa abiria aliokwisha kuwahukumu, "Sawa, shemeji. Twende wote tukakichague."

Wakaenda Alhamisi alasiri. Duka lilikuwa la vifaa vya keki na urembo, maana vipulizio vya betri siku hizi hununuliwa na wapambaji. Wazee wawili wa reli wakasimama katikati ya mabati ya keki, maua ya sukari na kucha za bandia zilizopangwa kwa rangi. Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye madoa ya waridi kwenye aproni, aliwatazama mara moja akakubali kuwa duniani kuna mambo.

"Karibuni, wazee wangu. Mnapulizia keki, kucha au uso?"

"Kichwa," akasema Mkaguzi.

"Nywele?"

"Kichwa cha treni."

"Aa," akasema mwanamke, asiulize zaidi. Akaweka vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa chembamba kama kalamu, kompresa imefichwa ndani ya mpini wake. Cha pili kilifanana nacho, ila kilikuwa na betri kubwa iliyokifanya kizito upande mmoja. Vyote viwili vilitaka kidole kifanye kazi mbili: kibonyeze chini ili hewa itoke, kisha kirudi nyuma kidogo kidogo ili rangi ifuate. Cha tatu kilikuwa na mshikio kama wa bastola na kifyatulio kimoja; unakivuta kwa kidole, hewa inatangulia, rangi inakuja yenyewe. Mkaguzi alikumbuka vizuri maneno ya Dereva kuhusu vitu vya namna hiyo. Kidole kimoja, kazi mbili, Dereva alikuwa akihubiri, na asiyeweza akapulizie mbu.

Mkaguzi akaanza ukaguzi wake. Akapima kila kimoja kiganjani, akakinusa, akakisikiliza sikioni kikinguruma. Akamwomba mwanamke atie maji kwenye kikombe cha kila kimoja, apulizie gazeti. Kile cha kwanza kilianza kwa nguvu kisha kikahema kama mzee kwenye ngazi.

"Rangi yenu isiwe nzito," mwanamke akasema. "Hivi havina nguvu ya kompresa kubwa. Iwe kama maziwa, isiwe kama uji. Na mkimaliza mpulizie maji safi, mtoe sindano mwifute, la sivyo kesho mtarudi kunilaumu."

"Na betri ikifa katikati ya kazi?"

"Unachaji kwa waya wa simu. Saa moja hivi."

"Wenye duka husema saa moja," Mkaguzi akasema. "Mwenye duka akisema saa moja, ni mbili na chai."

Mwanamke akacheka. Dereva hakucheka. Tangu waingie alikuwa amesimama hatua moja nyuma, mkono mfukoni, na alikuwa ameuliza swali moja tu.

"Hicho cha bastola kinakaa dakika ngapi?"

"Arobaini, betri ikijaa."

Dereva akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa namba aliyokuwa nayo tayari mfukoni. Mkaguzi akaona, akaiandika moyoni. Dakika arobaini za kufanya nini, na wapi?

"Mbona hicho?" akamuuliza. "Si ulisema ni cha kupulizia mbu?"

"Watu hubadilika."

"Watu hawabadiliki, shemeji. Hubadilisha treni."

Mwanamke akapanga upya maua ya sukari ambayo yalikuwa yamepangika.

"Basi jaribu," Mkaguzi akasema. "Mchafuaji ni wewe." Na kwa makusudi hakumpa cha bastola. Alichukua kile chembamba, cha kazi mbili, akakinyoosha mbele ya mfuko wa koti ambamo mkono ule ulikuwa umejificha.

"Jaribu wewe. Mimi nitaona."

"Shika, bwana."

Mkono ukatoka mfukoni. Mwanamke alikuwa amechora mstari kwa penseli kwenye gazeti, Dereva akaelekeza ncha ya kipulizio juu yake, na maji yakaenda upande huu, yakarudi upande ule, kama sisimizi aliyepotea. Kidole kiliruka juu ya kitufe. Kikombe kidogo cha maji kikagongagonga kwenye chuma. Dereva akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubana kwenye kaunta, nao ukaendelea.

Miaka thelathini na mmoja ikampanda Mkaguzi kutoka miguuni. Hakuona mzee, hakuona shemeji. Aliona vidole vinavyocheza.

"Basi," akasema. "Ngoja nikusemee mimi, maana wewe huwezi. Kinyozi amekuchukua."

"Nani?"

"Jumanne na Ijumaa, nusu saa nusu saa. Unataka kifaa cha kubebeka ukabebe kazi yetu ukaifanye nyuma ya saluni yake. Wiki nane kichwa kiko kijivu, kichwa cha mwaka uliomwoa dada yangu, na wewe unanipiga chenga za mafua. Leo mkono wako mwenyewe umekusaliti. Nimeshusha watu wengi, shemeji. Naujua mkono wa mtu asiye na tiketi."

Dereva alikiweka kipulizio juu ya kaunta kwa mikono miwili, taratibu, mpaka kikatulia. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama ungekuwa nayo.

"Basi umeshanishusha," akasema, akatoka.

Ushindi wa Mkaguzi ulidumu kutoka kwenye kaunta mpaka mlangoni. Nje, barabarani, alijikuta amebaki na hasira isiyo na pa kukaa, akaipeleka pale alipodhani ndipo kwake. Alimkuta Kinyozi akifagia nywele za mteja aliyetoka.

"Nionyeshe treni yako," akasema, hata salamu hakutoa.

"Treni yangu? Njoo basi."

Kinyozi akafungua pazia la nyuma. Meza ilikuwapo, na reli zilikuwapo, ila juu yake zilikuwa zimeanikwa taulo sita, na daraja lilikuwa limebeba chupa za spiriti. Kichwa kimoja cha treni kilikuwa kimelala ubavu ndani ya bakuli la viwembe.

"Niliacha mwaka jana," Kinyozi akasema. "Mgongo. Lakini kwa kuanika taulo sijaona meza kama hii."

Mkaguzi akazitazama taulo moja moja. Hakuna uwongo unaoweza kuanikwa kwa unadhifu namna ile. "Sasa shemeji yangu anakuja kuchafua nini hapa?"

"Kuchafua?" Kinyozi akacheka. "Huyo anakuja kusafishwa. Ndevu." Kisha akaona uso wa Mkaguzi, kicheko kikamkauka. "Nilidhani umeshajua. Mkono wake hausimami, bwana. Mwezi wa pili alijikata kwake, hapa chini ya sikio, kidogo tu iwe msiba. Tangu hapo namnyoa mimi. Daktari amempa vidonge. Asubuhi akimeza, ikifika saa mbili na nusu mkono unatulia dakika arobaini, siku nzuri. Halafu unaanza tena mpaka kesho yake."

"Dakika arobaini," Mkaguzi akarudia.

"Ameshazipima kwa saa. Aliniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

Kinyozi akaegemea fagio. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini haya aliyatoa machache. "Alisema wengine wakiuona mkono watamhurumia. Wewe utamshusha."

Mkaguzi akakaa kwenye kiti cha kunyolea bila kukaribishwa. Kwenye kioo alimwona mzee mwenye macho makali, hakumpenda. Yale mawingu yake yote manne yalikuwa mbele yake sasa, na hakuna hata moja lililokuwa na mvua. Chai ilikuwa kikombe ambacho kingemwagika mbele ya mke wa watu. Behewa la mafuta lilikuwa mtu aliyejaribu na kushindwa, akafunika aibu yake kwa rangi. Kidevu kile laini alikuwa amekiona kwa wiki kadhaa, akakinusa, na asijiulize hata mara moja ni nani anayeshika wembe. Na kubebeka! Asubuhi saa mbili na nusu Dereva alikuwa kwake, ng'ambo ya mji. Akivuka kwenda kwa Mkaguzi, anafika mkono umeshaanza tena. Hakutaka kuibeba kazi kuipeleka kwa mtu. Alitaka kazi imkute yeye katika zile dakika zake arobaini.

Hapo ndipo ile mara moja ikamrudia. Mwanamke mzee, furushi mapajani, vidole vinafungua fundo na kulifunga na kulifungua tena. Alimshusha kwenye stesheni ndogo isiyo na hata kivuli. Treni ilipoondoka aliiona tiketi chini ya kiti, na kwenye tiketi tundu la koleo lake mwenyewe. Alikuwa ameshaikagua asubuhi hiyohiyo. Miaka kumi na tisa alikuwa amejiambia kuwa kanuni ni kanuni na mara moja si neno. Sasa aliona haya, haya ya kweli, inayochoma masikio, na safari hii hapakuwa na treni ya kumtoa pale.

Alirudi dukani wakati mwanamke anateremsha mlango wa chuma.

"Nilijua mmoja wenu atarudi," mwanamke akasema. "Sikujua yupi."

"Cha bastola," Mkaguzi akasema. "Na unichajie kabisa."

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Dereva, na boksi mbili kifuani. Dereva alifungua akiwa na fulana na kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kile cha watoto, na hakuwa na muda wa kukificha. Wakatazamana.

"Siku hizi unakagua mpaka majumbani?"

"Nimetoka kwa Kinyozi jana."

Dereva akashusha pumzi. "Mdomo wa yule mtu haufungiki."

"Asingesema, ningekufa mjinga. Nimekukosea, shemeji. Nimekukosea mbele ya watu, na nimekukosea kwa wiki nyingi ndani ya kichwa changu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nimekuja kuchutama."

Dereva akakitazama kikombe chake chenye mfuniko. Kisha akasogea mlangoni kumpisha.

"Chutama taratibu," akasema. "Magoti yako si ya jana."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, picha ya dada ukutani imecheka vilevile. Mezani palikuwa na saa ya kengele, bilauri ya maji na karatasi ya vidonge. Mkaguzi akaweka kichwa namba ishirini na saba juu ya gazeti, kijivu, kidogo, kila ribiti mahali pake. Akatoa na kipulizio, akakiweka kando yake, na kikopo cha rangi nyeusi aliyokwisha kuipunguza nyumbani mpaka ikawa kama maziwa. Dereva akavitazama vyote.

"Ungekuja na kile chembamba ningekurudisha," akasema.

"Betri ya hiki ni dakika arobaini."

"Najua. Na yangu ni hizo hizo."

Saa ilionyesha saa mbili na dakika ishirini. Wakakaa. Mkono wa kulia wa Dereva ulikuwa juu ya meza, nje ya mfuko, na ulikuwa ukicheza kwenye gazeti kwa sauti ndogo ya karatasi. Mkaguzi hakujua aweke wapi macho. Dereva akaliona hilo, kwa sababu na yeye alikuwa amefanya kazi na Mkaguzi miaka mingi na alikuwa akimjua. Akaunyanyua mkono, akaunyoosha juu ya meza, kiganja juu, jinsi abiria anavyotoa tiketi.

"Haya. Kagua."

Mkaguzi akaupokea kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na joto, na mtetemo wake ulimpanda mpaka viwikoni, kama reli inavyotetemeka kabla treni haijaonekana. Akaushika hivyo, hakuubana.

"Imeonwa," akasema.

Wakangoja. Saa ikaenda. Mtetemo ukapungua, ukabaki vidoleni, ukabaki kwenye kidole kimoja, ukaisha. Dereva akautoa mkono wake taratibu, akashika bastola, akatafuta kifyatulio. Punda hakuwapo, kwa hiyo palikuwa na mngurumo mdogo tu wa betri, na pumzi ya Dereva.

"Naanzia kwenye bomba la moshi," akasema. "Masizi huanzia juu."

"Wewe ndiye dereva," Mkaguzi akajibu, akageuza uso, na kwa dakika zote arobaini akatazama nje ya dirisha.